Kwa nini nakuomba picha nyingine ya mbwa wako kabla sijaanza kuchora

Wateja wengi wanaoagiza michoro ya wanyama wao kwangu hushangazwa na jibu la kwanza wanalopata. Mtu ametuma picha, ametaja ukubwa anaoutaka, pengine ametanguliza na pesa, halafu mimi namjibu: naomba picha nyingine. Kwenye simu yake anaiona safi kabisa, kwa hiyo anauliza, na ana haki ya kuuliza, kama yeye anaona vizuri mimi mchoraji nashindwa nini. Nimeona niliandikie hili kwa kirefu, maana anayelipa anastahili kujua analipia nini.

Kwa asiyenifahamu, nafanya kazi peke yangu hapa Moshi. Nachora wanyama wa nyumbani, mbwa na paka zaidi, ingawa huwa napata pia oda za sungura, kasuku na ng'ombe wa maziwa. Nachorea kwenye kompyuta, kwa kalamu ya kielektroniki na kibao chake, kisha mchoro unachapwa kwenye karatasi nzito na kutiwa fremu. Wengi wakisikia kompyuta hudhani kuna kitufe: unabonyeza, picha inageuka mchoro. Kitufe hicho kipo kwenye programu nyingi za simu, tena bure, na huhitaji kunilipa kwa ajili yake. Kazi yangu ni ya mkono. Kalamu inahisi ninavyoikandamiza; nikilegeza, mstari wa unywele unakuwa mwembamba, nikikaza unanenepa. Manyoya ya shavuni yanaelekea huku, ya shingoni yanaelekea kule, na nayafuata yanakoelekea. Programu ninayotumia ni Krita, ambayo yeyote anaweza kuipakua bila malipo, kwa hiyo gharama ya mchoro wangu haiko kwenye programu. Iko kwenye saa ninazokaa nikimtazama mnyama wako.

Na hapo ndipo picha unayonitumia inapobeba uzito. Mimi nachora Simba wako, si mbwa mweusi yeyote. Paka wenye milia huwa na alama kama herufi M kwenye paji la uso, wote, lakini miguu ya ile M hailingani kati ya paka na paka. Mwingine imekatika katikati, mwingine mguu mmoja umeteremka hadi karibu na jicho. Pua ya mbwa nayo ina michoro yake, kama alama za vidole vya mtu. Mwenye mnyama anayajua haya hata kama hajawahi kuyafikiria. Mchoree M ya paka mwingine, atakuangalia tu na kusema, "Kapendeza, lakini huyu siye," na hataweza kukueleza kwa nini siye.

Sasa tuangalie kinachotokea njiani. Picha ya simu ni vinukta vidogo vya rangi, yaani pikseli. Kamera ya megapikseli 12, ambayo ni ya kawaida siku hizi, hutoa picha ya pikseli 4,000 kwa 3,000. Ukiituma kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, inapunguzwa ili isile bando na ifike haraka, na upande mrefu hubaki na pikseli kama 1,600. Kwa kutazama kwenye simu hilo halina shida, kioo chenyewe ni kidogo. Lakini angalia mbwa yuko wapi kwenye picha hiyo. Mara nyingi yuko kando ya mtoto, au mbele ya gari siku ya sherehe, na uso wake umechukua sehemu moja ya kumi ya upana. Uso mzima basi una pikseli 160. Jicho linabaki na pikseli kumi na kitu, na humo ndani natakiwa nipate rangi ya jicho, ukingo wa kope, na ule mng'ao mdogo unaofanya jicho lionekane lina uhai. Mchoro wa A4 ninaokuchorea, kwa kiwango cha uchapaji cha nukta 300 kwa inchi, una pikseli 3,508 upande mrefu. Wa A3 una 4,961. Nafasi yote hiyo naijaza kwa mkono, na siwezi kuijaza kwa kitu ambacho sikukiona.

Mzee mmoja wa Kiboriloni, hapa hapa Moshi, alinipigia nilipomrudishia picha. Baada ya shikamoo na marahaba akaniuliza, "Binti yangu, si anaonekana huyo hapo?" Nikamwomba aikuze picha kwa vidole viwili mpaka uso wa mbwa ujae kioo, kisha aniambie chini ya kidevu anaona nini. Akakaa kimya kidogo. "Naona weusi tu. Lakini pale ana doa jeupe." Alituma nyingine, aliyopiga barazani asubuhi, na doa lile limo kwenye mchoro, pamoja na mvi chache pembeni ya mdomo ambazo picha ya kwanza ilikuwa imezimeza zote.

Wapo wanaojaribu kunisaidia kwa kuipitisha picha kwenye programu za akili mnemba zinazosafisha picha zenye ukungu. Nawaomba wasifanye hivyo. Programu ya namna hiyo imefunzwa kwa picha za wanyama wengine wengi. Ikikuta mahali pasipoonekana, inakisia manyoya yanayofaa pale na kuyaweka. Yanavutia, lakini ni ya mbwa ambaye hujawahi kumfuga. Afadhali uniletee ukungu wa kweli, nitajua ni wapi sioni na nitakuuliza.

Njia rahisi ya kutuma ni hii: kwenye WhatsApp bonyeza alama ya kuambatanisha, usichague picha, chagua dokumenti, kisha itafute picha yako humo. Itafika nzima kama ilivyopigwa. Chaguo la HD ni bora kuliko njia ya kawaida, ila nalo hupunguza. Baruapepe inafaa pia. Skrinshoti na picha iliyochukuliwa kwenye status ya mtu havifai, na picha ya mbwa wa mtu mwingine uliyoikuta mtandaoni siichori kabisa, kwa kuwa ina mwenyewe na sheria ya hakimiliki inamlinda.

Kutuma ni jambo moja, kupiga ni jingine, na hapa kwetu kuna tatizo ambalo naliona kila wiki. Mbwa wengi wa Moshi ni walinzi. Mchana wamefungiwa bandani, usiku wanafunguliwa. Kwa hiyo picha walizonazo wenyewe ni za aina mbili: za mchana kupitia nyavu za banda, na za usiku kwa flashi. Ile ya nyavu inaukata uso vipande. Ile ya flashi inaharibu macho, kwa sababu mbwa na paka wana tabaka nyuma ya jicho linalorudisha mwanga, ndilo linalowasaidia kuona gizani. Flashi ikipiga, tabaka hilo linaurudisha mwanga wote kwenye kamera na jicho linakuwa sahani ya kijani au ya njano. Rangi halisi ya jicho inapotea, na bila jicho sina mchoro.

Dawa ni kumpiga picha asubuhi, kati ya saa moja na saa mbili, kabla hajarudishwa bandani. Wakati huo jua bado ni laini. Mkalishe barazani au kwenye kivuli kilicho wazi, uso wake uelekee kwenye mwanga, nawe uchuchumae hadi simu ilingane na macho yake. Ukimpiga ukiwa umesimama, kichwa kinakuwa kikubwa na miguu inakuwa vijiti. Usimsogelee mno, pua itavimba. Rudi hatua mbili. Mtu mwingine asimame nyuma yako na kipande cha nyama au funguo za kutikisa, masikio yasimame. Piga nyingi, kisha uniletee zote badala ya kunichagulia moja. Huenda uliyoiacha ndiyo yenye sikio ninalolihitaji.

Jambo jingine, mgomba. Watu wanapenda kuwapiga picha wanyama shambani chini ya migomba, na ni pazuri kweli. Lakini mwanga unaopita kwenye majani ya mgomba unafika chini ukiwa umeshika ukijani, na paka mweupe hugeuka wa kijani kibichi tumboni na kwenye mashavu. Jicho lako haliuoni ukijani huo kwa sababu unamjua paka wako ni mweupe. Kamera inaurekodi wote. Mbwa mweusi ana shida yake: nyuma yake kukiwa na anga au ukuta mweupe, simu inajipima kwa weupe ule na yeye anakuwa kivuli kisicho na manyoya. Mguse kwenye kioo cha simu, pale pale usoni, kisha ongeza mwanga kidogo kabla ya kupiga. Kwa paka, epuka jua la saa sita. Mboni zake hubana zikawa nyufa mbili, na sura yote inakuwa kali kuliko alivyo.

Naomba nikae kidogo kwenye lililo gumu zaidi. Oda nyingi zinazonijia ni za wanyama waliokwisha kufa. Mama ananiandikia kwamba mbwa aliyekua pamoja na watoto wake amekufa, na picha aliyonayo ni moja, ndogo, imepita kwenye simu nyingi. Hapo siwezi kumwambia ampige nyingine asubuhi. Namwomba atafute: simu ya zamani iliyoko droo, kadi ya kumbukumbu, picha za kipaimara au ubatizo ambazo mbwa amepita nyuma ya watu bila kuitwa. Awaulize na ndugu walioko Arusha au Dar, maana aliyepiga ndiye mwenye picha nzima. Picha kadhaa mbovu zinasaidiana, moja ikitoa sikio, nyingine ikitoa mkia. Kisha nauliza maswali. Sikio gani lilikuwa linalala? Akikusikia unafungua geti alikuwa anakaaje? Majibu hayo nayachora pia.

Yote hayo yakikosekana, nasema ukweli. A3 haitawezekana, tufanye A5, ambayo ina sentimita 14.8 kwa 21, au tubadilishe mtindo. Edward Saidi Tingatinga, aliyeuanzisha mtindo unaobeba jina lake Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 na kufariki mwaka 1972, alichora wanyama kwa rangi za kung'aa za baiskeli juu ya hadibodi, na nguvu yao ilikuwa kwenye umbo, mkao na rangi iliyojaa, si kwenye unywele mmoja mmoja. Sijiiti mchoraji wa Tingatinga, ila njia hiyo ya umbo nimejifunza kuiheshimu. Picha yenye ukungu mara nyingi bado inaonyesha mgongo ulivyopinda na madoa yalivyokaa, na kwa hayo naweza kumtengeneza mnyama ambaye nyumba nzima itamtambua. Kumchora kwa manyoya ya kubuni kisha kumwambia mtu huyu ndiye mbwa wako, hapana, hilo silifanyi hata kwa malipo zaidi.

Kuhusu rangi: mchoro ukiuona kwenye simu utang'aa kuliko ukiwa karatasini. Simu inatoa mwanga kwa kuchanganya nyekundu, kijani na bluu. Printa inachanganya wino wa samawati, majenta, njano na nyeusi, na karatasi inauakisi tu mwanga wa chumbani. Zipo rangi ambazo kioo kinaziweza na wino hauziwezi, hasa ule ukijani mkali wa mikanda mingi ya shingoni. Ndiyo maana nachapa kwanza kipande kidogo cha majaribio, na ukiwa karibu nakuomba uje ukiangalie dirishani mchana, si chini ya taa. Ukishatundika, usitundike mahali jua linapopiga moja kwa moja. Kwenye fremu naweka kadi pembezoni ili kioo kisigusane na mchoro. Masika yetu ya Machi hadi Mei yana unyevu wa kutosha kuigandisha karatasi kwenye kioo.

Wanaouliza usalama wa kazi zao umeme unapokatika: kompyuta imeunganishwa na UPS, yaani betri inayoishika kwa muda umeme ukikatika, programu inajihifadhi yenyewe kila baada ya dakika chache, na kila faili lina nakala kwenye diski ya pembeni na nyingine mtandaoni. Kompyuta yenyewe ni ya mtumba, naiendesha kwa mfumo wa Linux badala ya Windows, na kuifungua na kuisafisha ni burudani yangu ya Jumapili. Nina paka wawili wanaopenda kulala kando yake kwa sababu ya joto, na manyoya yao huziba feni. Kama nawe unafuga na una kompyuta, isafishe feni mara kwa mara, itadumu.

Picha yako ikikubalika, nakutumia kwanza mchoro wa mistari mitupu bila rangi. Hapo ndipo pa kusema sikio limekaa vibaya, na kurekebisha hakuna gharama. Malipo ya nusu ni baada ya wewe kuridhika na mistari hiyo, nusu nyingine ni kazi ikikamilika. Walio nje ya Moshi natuma kwa basi, fremu ikiwa imefungwa kwa maboksi mawili, au bila kioo ukitaka fundi wa huko akuwekee. Na kama kutuma kwa dokumenti kunakusumbua, njoo na simu yenyewe na waya wake, tutahamisha picha pamoja na nitakuonyesha kwenye skrini kubwa zipi zinafaa.