Barua kwa Baba Neema: gari limechemka tena

Buruburu, Nairobi

Mpendwa Baba Neema,

Salamu nyingi zikufikie huko Changamwe, wewe, Mama Neema na watoto. Sisi hatujambo, ila mama angali anahudhuria kliniki kila mwezi, na ni kwa ajili yake ninakuandikia leo kabla hata sijajibu ujumbe wako wa Pasaka. Uniwie radhi.

Gari limechemka tena. Ijumaa nilikuwa nikimrudisha mama Limuru, na tulipopita Muguga mshale wa joto ukapanda kutoka katikati hadi alama nyekundu kwa muda usiozidi dakika tano. Nilizima injini, tukakaa kando ya barabara karibu saa nzima, mama akiwa amejifunika koti langu kwa baridi, nami nikiumia moyoni, kwa kuwa wiki tatu tu kabla ya hapo nililipa shilingi 86,000 ili jambo hilohilo lisitokee. Fedha hizo ndizo zile za chama, nilizoziweka kwa ajili ya paa la nyumba yake.

Zilinunua rejeta mpya, pampu ya maji na gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na mwili wake, pamoja na kazi ya fundi. Nilipomrudishia gari Jumamosi, alisema dawa ni kung'oa thamostati, ile vali inayoyafungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta yakipata joto, na kuendesha bila hiyo. Nilikataa. Niliitoa mwenyewe, nikaitumbukiza katika sufuria ya maji yenye kipimajoto, nayo ikaanza kufunguka karibu na nyuzi 82, kama ilivyochorwa juu yake. Kwa nini kitupwe kifaa kizima, injini ikawie kupata joto lake la kazi na kula petroli zaidi, huku ugonjwa ukiendelea chini kwa chini?

Najua wewe hupenda kusikia dalili kabla ya jina la ugonjwa. Katika msongamano wa Barabara ya Jogoo mshale hautikisiki, na feni husikika ikiwaka na kuzima, kwa hiyo siishuku. Joto hupanda mlimani tu, injini inapobeba mzigo. Maji hupungua kama nusu lita kila siku mbili, ilhali nililaza kadibodi chini ya gari usiku kucha na asubuhi sikukuta hata tone. Bomba la juu la rejeta huwa gumu kabla sijawasha, na nikiiwasha injini ikiwa baridi, kifuniko kikiwa wazi, mapovu hutoka bila kukoma. Mafuta ya injini hayajageuka rangi ya maziwa, na hilo linanipa tumaini kidogo.

Naamini moshi wa silinda unapenya ndani ya maji. Nilimwuliza fundi kama hedi ilipelekwa kwenye mashine ikapimwa na kusawazishwa kabla ya gasketi kufungwa, akajibu kwamba waliitazama wakaona iko sawa. Kwa macho, Baba Neema! Hedi iliyopinda sehemu ndogo tu ya milimita haiwezi kuibana gasketi, na hakuna jicho litakaloliona hilo.

Tena walijaza maji ya bomba matupu. Huko kwenu pwani maji huchemka kwa nyuzi 100, lakini hapa Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, huchemka kwa takriban 94, na Limuru mapema zaidi, hivyo tunategemea sana kulanti, ile dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta, na shinikizo la kifuniko, ili maji yasichemke mapema. Kifuniko kipya nimenunua Kirinyaga Road. Kulanti sitaitia mpaka nijue maji yanapotelea wapi.

Ombi langu ni kile kichupa chako chenye dawa ya bluu inayogeuka njano ikikutana na moshi wa injini kwenye rejeta. Nitumie kwa basi la usiku, nauli yake nitalipa hapa. Fundi aliniahidi dhamana ya miezi mitatu kwa mdomo, risiti ninayo, nami nataka kumwendea nikiwa na ushahidi mkononi.

Je, dawa ingalipo, au iliishia kwenye lori la mjomba? Nisubiri injini ipate joto kwanza ndipo nipime? Ikigeuka njano, hedi hii yaweza kusawazishwa, au nianze kutafuta nyingine? Na wewe ungekubali fundi yuleyule aifungue tena, hata kama nitasimama pale mpaka boliti ya mwisho ikazwe? Kliniki ya mama ni tarehe 14, na magoti yake hayamruhusu kupanda matatu.

Wako,
Baba Baraka