Mama Mdogo, Portland haijaungua

Mama Mdogo,

Shikamoo. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza nikiwa kwenye foleni ya kurudisha makopo, na watu wakageuka kuniangalia maana ulikuwa unalia. Umeona kwenye runinga Rais Trump akisema Portland imeharibiwa na vita na kwamba anatuletea wanajeshi, ukauliza nimekimbilia wapi. Sijakimbia. Nilikuwa nimeshika mfuko wa makopo matupu.

Hayo makopo ni hela. Oregon, jimbo ilipo Portland, ndilo la kwanza Marekani kupitisha sheria ya amana ya chupa, mwaka 1971. Ukinunua soda unalipa senti 10 za ziada, ukirudisha kopo unarudishiwa. Ndiyo maana siku ya kuzoa taka, alfajiri, nasikia makopo yanagongana mtaani: kuna mtu anapita pipa kwa pipa. Baadhi yao wanalala kwenye mahema. Hilo la mahema ni kweli, sikufichi, na kila uchaguzi wa hapa linazungumzwa.

Sasa vita. Ugomvi wote, wa waandamanaji wanaopinga wahamiaji kukamatwa, umezunguka jengo moja la idara ya uhamiaji, karibu na mto Willamette unaopita katikati ya jiji. Mimi nakaa ng'ambo ya pili, nahangaika na mvua na basi linalochelewa. Mwanzoni mwa Oktoba 2025 askari mmoja alimpulizia dawa ya pilipili mwandamanaji aliyevaa vazi la chura, lile la kujazwa hewa kama puto. Aliipulizia kwenye tundu la kuingizia hewa! Video ikasambaa, na baada ya siku chache vyura wakawa wengi, wakaongezeka kuku na farasi wenye pembe moja. Wakati huohuo Jaji Karin Immergut, ambaye aliteuliwa na Trump huyohuyo, alizuia kwa muda wanajeshi wasiletwe.

Tarehe 12 Oktoba wakatoka waendesha baiskeli kupinga. Baiskeli wewe mtu wa Tanga hazikushangazi. Ila hawa walikuwa uchi, Mama Mdogo, na mvua inanyesha. Samahani, lakini uliomba habari zote. Wenyewe wana desturi ya kufanya hivyo kiangazi. Hii ilikuwa ya dharura.

Kinachonitia hofu mimi runinga haikionyeshi. Jirani yangu, mama wa Kikongo tunayesalimiana kwa Kiswahili kila asubuhi, siku hizi haendi dukani bila kubeba nakala za karatasi zake zote kwenye mfuko wa plastiki. Karatasi ni halali kabisa. Mchele, mwanawe ndiye humnunulia. Yeye haogopi waandamanaji, wala wale wa makopo.

Mengine ni kawaida. Mafuta ya gari tangu 1951 ilikuwa marufuku kujiwekea mwenyewe, lazima uwekewe na mhudumu kama sheli za kwetu. Waliruhusu 2023, na mpaka leo kuna wanaokaa ndani ya gari wakisubiri. Mimi mmoja wao.

Halafu ile bustani niliyokuambia, ukadhani nakutania. Ipo, katikati ya barabara, upana wake sentimita 60 hivi, yaani sinia la pilau. Mwaka 1948 mwandishi wa gazeti, Dick Fagan, aliona kutoka dirishani kwake shimo la nguzo ya taa ambayo haikuwahi kusimikwa. Akapanda maua, akaandika kwamba humo wanaishi vijitu vya hadithi za Waayalandi. Mwaka 1976 jiji likaiandikisha rasmi. Miaka mingi ilishika rekodi ya bustani ndogo kuliko zote duniani, mpaka 2025 ilipotambuliwa ndogo zaidi, ya Wajapani. Huo ndio msiba niliousikia ukijadiliwa ndani ya basi.

Picha yake nimekutumia, muonyeshe Baba Mkubwa. Ya wale wa baiskeli sikupiga, kwa hiyo asiniulize.

Mwanao.