Farasi wako akigoma kuvuka maji: tunavyomfundisha, na makosa yanayomharibu

Farasi anamaliza ndoo mbili za maji asubuhi, anaoshwa kwa mpira bila kunung'unika, mvua inamnyeshea malishoni naye anaendelea kula. Akifika kwenye kijito ambacho hakimfiki hata magotini, anakita miguu, anakoroma kwa pua na kugeuka kuelekea nyumbani. Wateja wanaotuletea farasi hapa upande wa Nanyuki huanza na maneno hayohayo: "Huyu haogopi kitu, ila maji tu." Na ukipanda farasi huku, maji huyakwepi. Mito ya Likii, Nanyuki, Burguret na Naro Moru yote inashuka kutoka Mlima Kenya, na njia nyingi nzuri zinakatiza angalau mto mmoja.

Mara nyingi shida yenyewe ni ardhi iliyo chini ya maji. Macho ya farasi yako ubavuni mwa kichwa. Anaona karibu pande zote kwa pamoja, isipokuwa nyuma ya mkia wake, mbele ya paji la uso, na chini ya pua. Kitu kilicho chini mbele yake hawezi kukichunguza mpaka ashushe kichwa. Sasa fikiria mpandaji mwenye wasiwasi anavyofanya akifika mtoni: anavuta hatamu na kuzifupisha. Kichwa cha farasi kinapanda juu, maji yanatoweka machoni pake, halafu anapigwa visigino aingie mahali asipopaona. Ongeza jua linalomeremeta juu ya maji, au kivuli kizito cha miti ya ukingoni, na macho ya farasi huchelewa kuliko yetu kuzoea giza baada ya mwanga. Mnyama wa kilo 450 ambaye kinga yake kubwa ni kukimbia hawezi kukubali kirahisi kuweka mguu mahali ambapo huenda ukanasa.

Kwa hiyo kazi yetu yote ni kumpa nafasi ajue mwenyewe kwamba chini kuna ardhi imara. Hili halifanyiki kwa fimbo.

Kabla ya lolote, tunataka kujua kama ana maumivu. Farasi mwenye unyayo uliooza kwa kukaa kwenye banda lenye unyevu, au aliyekatwa kwato fupi mno, atakataa mawe ya mtoni kwa sababu yanamuuma. Mwenye jicho bovu atakataa upande mmoja na kukubali mwingine. Ukiona amebadilika ghafla, mwaka jana alivuka na mwaka huu hataki, mwite daktari wa mifugo kwanza.

Jambo la pili ni masomo ya nchi kavu, na hapa ndipo farasi wengi tunaowapokea wana pengo. Tunamvalisha hatamu ya kamba isiyo na lijamu (chuma cha mdomoni), na kamba ya kuongozea yenye urefu wa mita 3.5 hadi 4. Lazima ajue mambo matatu: kusogea mbele ukimwomba, kurudi nyuma ukimwomba, na kusimama akitazama unakotaka. Unaomba kwa kukaza kamba kidogo, na anapohamisha uzito tu kuelekea mbele, unailegeza papo hapo. Kulegeza ndiko kunakomfundisha. Ukichelewa sekunde mbili tatu, umemsifu kwa jambo jingine alilokuwa ameanza kufanya, pengine kupiga kichwa au kusimama. Farasi ambaye hasogei mbele vizuri uwanjani hatasogea mtoni, kwa hiyo hatumpeleki.

Akishaiva hapo, tunamvusha juu ya magogo yaliyolazwa chini, kisha juu ya turubai kavu iliyotandazwa na kubanwa kwa mawe pembeni. Turubai ni nzuri kwa sababu inapiga kelele, inang'aa na inasogea chini ya kwato, yaani ina karibu kila kitu anachokichukia kwenye maji isipokuwa kulowana.

Halafu dimbwi. Kama huna mto karibu, unaweza kulitengeneza nyumbani. Chimba eneo la mita 5 kwa 4, lenye mteremko mdogo sana pande zote, tandika turubai nzito, fukia kingo zake kwa udongo, kisha mwaga juu yake mchanga na changarawe laini kiasi cha sentimita 10. Usiruke hatua ya changarawe: turubai yenye maji peke yake huteleza vibaya, na farasi akianguka hapo siku ya kwanza umejitengenezea tatizo kubwa kuliko ulilokuwa nalo. Maji ya kina cha sentimita 5 juu ya eneo hilo ni kama lita 1,000, mitungi hamsini ya lita 20, bila kuhesabu yatakayojaza nafasi kati ya changarawe. Anza na udongo uliolowa tu, ongeza maji kidogokidogo siku zinazofuata. Upana nao una sababu yake. Dimbwi la mita moja na nusu farasi analiruka, na akishaliruka mara kadhaa amejifunza kwamba maji hurukwa.

Mtoni tunachagua kivuko kwa makini kuliko tunavyochagua siku. Kiwe na kingo zenye mteremko mpole pande zote mbili, chini kuwe na changarawe au mchanga mgumu, maji yatembee polepole na yasizidi nusu ya muundi wa farasi. Mawe makubwa ya mviringo yenye ukoga wa kijani hatuyataki, hasa kwa farasi aliyepigiwa viatu vya chuma. Udongo mweusi ule unaonata wakati wa mvua pia tunauepuka: unamshika miguu, unamthibitishia hofu yake, na huweza kung'oa kiatu. Mtu huingia kwanza na fimbo ndefu kupima chini, mwanzo hadi mwisho.

Tunapenda saa tatu au saa nne asubuhi, jua likiwa nyuma yetu. Jioni hatufundishi ukingoni mwa maji. Visubi wanaoeneza ugonjwa wa farasi wa Afrika huanza kuuma jua linapokaribia kuzama na huendelea hadi alfajiri, nao wanapenda sehemu zenye unyevu. Ugonjwa huo unaua farasi haraka, ingawa punda na punda milia mara nyingi hawaonyeshi dalili kubwa.

Mwelekeo wa kuvuka nao una maana. Inapowezekana tunamzungusha kupitia darajani ili mvuko wake wa kwanza uwe wa kuelekea nyumbani, na ng'ambo amesimama farasi mwenzake mzee, mtulivu, anayekula majani. Hamu ya kwenda kwa mwenzake inafanya nusu ya kazi. Lakini huyo mwenzake asiondoke. Farasi mwenye woga akimwona mwenzake anaenda zake, ataingia majini kwa kuruka, na mwenye kamba ndiye atakayerukiwa.

Anayemwongoza avae kofia ngumu, glavu na buti, na asiizungushe kamba mkononi kamwe. Asimame kando ya bega la farasi, umbali wa mkono na zaidi kidogo. Kusimama mbele yake ukimvuta ni kosa tunaloliona kila mara, na ndilo la hatari kuliko yote: farasi anayeamua hatimaye kuvuka anaruka, tena anaruka kuelekea pale ulipo, kwa sababu wewe umemthibitishia kwamba hapo pana ardhi.

Mlete hadi pale anapoanza kusita, labda mita tatu kabla ya maji, umsimamishe kabla hajakataa. Legeza kamba. Mwache ashushe kichwa, anuse, akorome. Usimbembeleze kwa maneno mengi wala usimpigepige shingoni. Akitulia, akilamba midomo au kupumua kwa nguvu, omba hatua moja, legeza tena. Anaruhusiwa kurudi nyuma hatua chache. Hatumruhusu kugeuka: pua yake ibaki inaelekea maji. Akigeuza kichwa kushoto, mrudishe taratibu, bila hasira, hata kama ni mara ishirini.

Mguu wa kwanza ukigusa maji, subiri. Wengi hapo humharakisha kwa furaha, naye anashtuka na kutoka. Mwache autoe akitaka, aurudishe. Anaweza kuanza kuyapiga maji kwa kwato, yakamrukia tumboni. Hiyo ni ishara nzuri, anapima chini. Ila akiendelea sana huku akikunja magoti na kunusanusa, mwondoe haraka, anataka kugalagala, na kama ana tandiko utalijutia.

Miguu minne ikiwa ndani, pumziko liwe humohumo majini. Simama naye dakika mbili tatu, kamba ikiwa legevu kabisa. Nchi kavu, kwa upande mwingine, ndiko kwenye kazi: kuzunguka, kurudi nyuma, kusogea pembeni. Farasi anafanya hesabu hiyo upesi. Baada ya mivuko michache tulivu tunaacha, hata kama imechukua dakika ishirini tu na mwenye farasi amekuja kutoka mbali. Tamaa ya "mara moja tena" imeharibu masomo mengi kuliko woga wa farasi.

Kumpanda huja baadaye, na wakati huo mpandaji ndiye anayehitaji kufundishwa. Tazama mti au jiwe la ng'ambo. Ukikodolea macho maji yanayotembea unapata kizunguzungu, mwili unaegemea upande wa mkondo, na farasi anaufuata. Hatamu ziwe ndefu kiasi cha kumwezesha kushusha kichwa hadi kwenye maji. Shika singa za shingoni badala ya kuning'inia kwenye lijamu. Ncha tu za buti ziwe ndani ya vikuku vya tandiko. Ukanda wowote unaokizuia kichwa cha farasi kisipande uondolewe kabla ya kufika mtoni: akijikwaa kwenye kina au ikabidi aogelee, anahitaji kuinua kichwa, na ukanda huo utamzamisha.

Maji yanayokwenda kasi yakipita magoti ya farasi, hatuvuki. Yakifika tumboni mnyama huanza kuelea na kupoteza mshiko wa ardhi, hata aliyezoea. Kumbuka pia kwamba mbingu huku chini zinaweza kuwa safi ilhali mvua inanyesha mlimani. Maji yakigeuka rangi ghafla au yakianza kuleta vijiti na majani, toka. Na kuna sehemu ambazo farasi akikataa, yuko sahihi. Mto Ewaso Ng'iro una mamba na viboko. Ziwa Naivasha halina mamba lakini viboko ni wengi, na hutoka majini usiku kula nyasi. Farasi aliyevuka kijito kizuri kwa utulivu akikataa ghafla kwenye maji mapana, kwanza angalia ameona au amenusa nini.

Wateja wa Pwani hutuuliza kuhusu bahari. Wimbi ni somo jingine, kwa sababu kwa farasi ni ardhi yenyewe inayomjia. Chagua maji ya kupwa na siku isiyo na upepo, tembea sambamba na ufuo kwenye mchanga uliolowa, na uache povu limguse kwato wakati wimbi linarudi. Usimkabilishe na bahari uso kwa uso mpaka povu limekuwa jambo la kawaida.

Kuhusu huduma yetu: tunamwona farasi kwanza uwanjani kwake, tunamwongoza kwa kamba, tunakagua kwato na vifaa, halafu ndipo tunataja bei. Hatuahidi idadi ya siku. Farasi mchanga ambaye hajawahi kutishwa huvuka mapema. Aliyewahi kuanguka mtoni au kuchapwa ukingoni huchukua wiki nyingi, na mwenyewe atakubali mto mmoja na kukataa wa pili, kwa hiyo tunampitisha kwenye vivuko tofauti. Masomo ya mwisho lazima mwenye farasi awepo, na saisi wake, yaani mtunza farasi, pia, maana saisi ndiye anayemwongoza kila siku, na mkono wake ukivuta tofauti na wetu kazi inarudi nyuma.

Ukimleta, njoo na kadi ya chanjo, hatamu anayoijua, na chakula alichokizoea cha siku tatu za mwanzo. Wakati wa mvua za masika, Machi hadi Mei, masomo ya mtoni tunayasimamisha maji yakijaa. Dimbwi la uwanjani linaendelea.