Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama Wafugaji wa Kambale, Dar es Salaam

Ndugu wanachama,

Swali lililojirudia katika vikao vyetu vya mwaka huu, kuanzia Goba hadi Kigamboni, ni kwa nini vifaranga wa kambale wanapungua kwenye matangi ilhali hakuna anayeokota samaki waliokufa. Wapo waliowatuhumu wauzaji, wengine ndege. Kamati imeridhika kwamba mlaji alikuwa humo humo ndani. Kambale hula kambale mwenzake. Vifaranga wa mzao mmoja hawakui kwa mwendo mmoja, na aliyewatangulia wenzake kwa umbo huanza kuwauma mikia, kisha mdomo ukishamtosha huwameza wazima. Kwa hiyo tuwachambue kwa ukubwa mara kwa mara na tuwalishe jioni pia, kwa kuwa samaki huyu ni wa usiku na hutafuta chakula kwa sharubu zake nane zaidi kuliko kwa macho.

Jambo ambalo kwa maoni yangu limetugharimu zaidi ni imani kwamba kambale hafi. Ni kweli kwamba kambale mkubwa hupanda juu kuvuta hewa, akitumia kiungo chenye matawi kilicho juu ya matamvua, na masika iliyopita waliotoroka matangi yaliyofurika walikutwa wakijiburura kwenye matope, wazima kabisa. Kifaranga, hata hivyo, haanguliwi na kiungo hicho. Humkamilikia akiwa na umri wa takriban wiki mbili hadi tatu, na kabla ya hapo hutegemea hewa iliyoyeyuka majini kama perege yeyote. Anayewarundika wachanga katika tangi lisilo na pampu ya hewa, au anayewamwagia maji ya bomba ambayo klorini yake haijatoka, anawaua.

Kuhusu uzalishaji, kambale hatagi kirahisi katika matangi yetu, kwani porini hungoja mvua na kutaga kwenye majani ya sehemu zilizofurika, bila kuyalinda mayai. Ndiyo maana jike huchomwa homoni, na dume hupasuliwa kwa sababu mbegu zake hazitoki kwa kukamuliwa. Wanaoomba kuazimwa dume waelewe kwamba harudi. Maji yakiwa na nyuzi joto 28, mayai huanguliwa kwa muda wa siku moja hivi, na joto hilo hapa kwetu hatulinunui.

Kamati inapendekeza mkutano mkuu uamue kwamba vifaranga wa pamoja wanunuliwe wakiwa tayari wanapanda juu kuvuta hewa, hata kama bei yao itakuwa kubwa zaidi.