Barua kwa wahitimu wa afya ya jamii: wahesabuni na wasiofika

Wanangu mnaohitimu mwaka huu, popote mtakapopangiwa,

Hongereni. Nawasikia mnavyozungumza, usawa na haki haviwatoki mdomoni, na mimi sina ugomvi na hayo. Ila nimezalisha akina mama wilayani hadi nikastaafu, na kuna jambo moja ambalo masomo yenu hulipita mbio. Takwimu mnazozitegemea zinatokana na watu waliofika kituoni. Asiyefika hana mstari kwenye kitabu, na asiye na mstari hapangiwi bajeti.

Siku ya kwanza mkiripoti, kabla hamjaulizia kompyuta, ombeni vitabu viwili vya MTUHA, mfumo wa kuweka taarifa za huduma vituoni: namba 6 cha wajawazito na namba 12 cha chumba cha uzazi. Chukueni waliokuja kliniki hudhurio la kwanza miezi ile ya nyuma, kisha watafuteni kwenye namba 12, jina kwa jina, kitongoji kwa kitongoji. Wapo waliopewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya. Wapo waliokwenda kujifungulia kwa mama zao, hasa wa mimba ya kwanza, na wapo waliohama. Hao waondoeni. Watakaobaki ni wanawake waliopimwa mimba ikiwa changa, wakapewa vidonge vya kuongeza damu, kisha hawakuonekana tena. Msishangae mkikuta wengi wao ni wa kitongoji kimoja au viwili.

Mwenye haraka ataandika "elimu duni" au "mila potofu", afunge faili. Nawasihi msiandike hivyo kabla ya kuuliza mama aliambiwa aje na nini. Uchangiaji wa gharama ulipoanza hapa Tanzania mwaka 1993, wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano walisamehewa malipo, na sera bado inasema hivyo. Lakini nendeni mkasikilize kliniki asubuhi. Mama anatajiwa glovu, pamba, wembe, kibana kitovu, mpira wa kutandika, khanga safi mbili tatu. Uchungu ukimshika usiku kuna bodaboda, na nauli ya usiku mnaijua. Nimewahi kufungua mfuko wa rambo nikakuta glovu zilizokwisha kutumika: zimefuliwa, zimeanikwa, vidole vimegandana. Mwenye mfuko alikuwa ananitazama aone kama nitamrudisha. Huyo alithubutu kuja. Mwenzake ambaye hata hizo hakupata alibaki nyumbani, kwa kuwa anajua maneno atakayoambiwa mbele ya watu akifika mikono mitupu. Hakuna kitabu cha MTUHA chenye safu ya aibu.

Muuguzi naye msimgeuze adui. Anayemwambia mama "nenda kanunue" mara nyingi ndiye aliyeagiza glovu maboksi kumi akaletewa manne, na zamu ya usiku yuko peke yake.

Majirani zetu Uganda walifuta ada kwenye vituo vya serikali Machi 2001. Watu walifurika, na masikini ndio walioongezeka zaidi. Wagonjwa hao walikuwapo siku zote, ila hawakuwa wanaonekana. Sasa sikilizeni na upande wa pili, maana hamtaelezwa kwenye makongamano: dawa zilikuwa zikiisha vituoni, na familia nyingi zikaendelea kulipa, safari hii kwenye maduka ya dawa. Kufuta ada bila kujaza stoo ni kuhamisha bili tu.

Wachache wenu mtapanda hadi Geneva, kwenye makao ya Shirika la Afya Duniani (mtafika, navyowajua mnavyopenda vitambulisho vya shingoni). Hata huko mtawakuta watu wanaohesabiwa na wasiohesabiwa. Mwaka 2000 ARV, dawa za kufubaza VVU, za mgonjwa mmoja kwa mwaka zilizidi dola 10,000, na kwa bei hiyo wagonjwa wa Afrika hawakuwamo kwenye mipango ya mtu. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ikatangaza kwamba itawauzia shirika la Madaktari Wasio na Mipaka dawa hizo kwa dola 350 kwa mgonjwa kwa mwaka. Aprili kampuni 39 za dawa zilizoishtaki serikali ya Afrika Kusini kwa sheria yake ya kupata dawa za bei nafuu zikaondoa kesi yao mjini Pretoria, baada ya wagonjwa wa Treatment Action Campaign, kundi la kupigania matibabu ya VVU huko, kuandamana wakiwa na fulana zao na kujiunga na kesi yenyewe. Hata baada ya hayo, Juni mwaka huohuo, mkuu wa shirika la misaada la Marekani, Andrew Natsios, alitoa hoja kwamba Waafrika wengi hawajui saa, kwa hiyo hawataweza kumeza dawa kwa wakati. Sisi ambao jua likichomoza tu tunajua ni saa kumi na mbili! Mwaka 2006 watafiti waliounganisha tafiti nyingi walikuta kwamba wanaomeza dawa inavyotakiwa kusini mwa Sahara ni asilimia 77, na Amerika ya Kaskazini asilimia 55.

Msidhani hayo ni ya zamani. Mwaka 2024 yalitoka matokeo ya lenacapavir, sindano ya kuzuia VVU inayochomwa mara mbili kwa mwaka. Walioijaribu ni wasichana na wanawake wa Afrika Kusini na Uganda, na kati ya zaidi ya 2,000 waliochomwa hakuambukizwa hata mmoja. Ilipoidhinishwa Marekani ilipangiwa bei ya zaidi ya dola 28,000 kwa mwaka. Mwaka 2025 ikatangazwa kwamba nakala zake zitauzwa kwa dola 40 kwa mwaka katika nchi zenye kipato kidogo na cha kati, kuanzia 2027. Nataka mmoja wenu alifuatilie hilo hadi mwisho: wasichana waliotoa miili yao kwa majaribio wataipata kwenye dirisha gani, na wataambiwa waje na nini?

Fomu ya robo mwaka ya mfadhili haina safu ya wasiofika. Iongezeni kwa kalamu. Mtaambiwa mnaharibu fomu; ijazeni robo inayofuata pia. Halafu hesabu hiyo isiishie kwa mganga mkuu wa wilaya. Ipelekeni kwenye mkutano mkuu wa kijiji, muisome bila kutaja jina la mama yeyote: kitongoji fulani walikuwapo wajawazito wangapi, waliofika kujifungua wangapi, fedha za glovu zilikuwa kiasi gani. Mwenyekiti atakohoa, atasema muda umekwisha. Kaeni, akina mama wa nyuma wana maswali.

Bibi yenu, mkunga mstaafu