Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama

Ndugu wajumbe wa Kamati ya Utendaji, ndugu walezi wa chama, ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, nawasilisha taarifa ya kazi za chama chetu cha watafiti wa maafa kwa mwaka unaoisha. Shughuli nyingi mnazifahamu, kwa hiyo nitazipitia haraka ili tupate nafasi ya kuzungumza yanayotusumbua.

Tumefanya semina 4, warsha 2 za mbinu za utafiti na mdahalo wa Oktoba 13, Siku ya Kimataifa ya Kupunguza Hatari za Maafa. Wanafunzi 11 wa uzamili na 3 wa uzamivu wamepata wasimamizi kupitia chama. Jarida limetoka toleo moja badala ya mawili, mhariri ataeleza. Hifadhi ya data imehamishiwa kwenye seva mpya, kazi niliyoifuatilia mwenyewe tangu barua ya maombi hadi katibu alipokabidhiwa nywila. Vilevile tumewasilisha maoni yetu juu ya utekelezaji wa Mpango wa Sendai wa 2015 hadi 2030, yaani makubaliano ya kimataifa ya kupunguza hatari za maafa, wenye malengo 7 na vipaumbele 4. Rasimu ya maoni hayo niliiandika mimi, na nawashukuru wajumbe wawili walioisoma.

Sasa nije kwenye jambo lililotugawa, yaani kanuni ya siku 90. Kanuni inasema mwanachama hatapewa barua ya utambulisho ya chama ili kuwahoji waathirika ndani ya siku 90 za kwanza baada ya maafa, isipokuwa ana mtafiti mwenza kutoka chuo cha eneo hilohilo, na ameahidi kwa maandishi kuwarudishia matokeo watu atakaowahoji. Imesemwa kwamba niliipitisha peke yangu. Muhtasari wa kikao upo kwa katibu na kila mwanachama ana haki ya kuusoma: hoja ilijadiliwa, kura zikapigwa, na ilishinda hata bila kura yangu.

Sababu zake nilizieleza kwenye kamati, na leo nazieleza mbele yenu wote. Baada ya mafuriko, nilifika kwenye shule iliyogeuzwa kambi ya muda. Mama mmoja alinifungulia mfuko wa plastiki aliookolea nyaraka zake. Ndani yake, pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto, kulikuwa na nakala nne za fomu za ridhaa kutoka timu nne tofauti za watafiti. Zote ziliuliza yaleyale: nani amefariki, nini kimepotea, msaada gani umefika. Aliniuliza ipi kati ya karatasi hizo ndiyo ya kupatia mahema. Hakuna hata moja. Alikuwa ameeleza kifo cha mwanawe mara nne akiamini anajiandikisha kupata msaada. Mbili kati ya fomu hizo zilikuwa za wanachama wetu, na sitawataja. Kila fomu ilikuwa imepitishwa na kamati ya maadili ya chuo husika, lakini kamati hizo huangalia utafiti mmoja mmoja. Hakuna aliyehesabu jumla ya maswali yanayomwangukia mtu mmoja aliyelala sakafuni. Sisi ndio tunaoweza kuhesabu, kwa sababu barua zote hupita kwetu.

Wala hatukulizua jambo hili. Mwaka 2019, JC Gaillard wa Chuo Kikuu cha Auckland na Lori Peek wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder walitoa wito katika jarida la Nature kwamba utafiti kwenye maeneo ya maafa uwe na kanuni za maadili: lengo lieleweke, sauti za wenyeji zitangulie, na wageni waratibu kazi zao na watafiti wa eneo hilo. Kanuni yetu inauleta wito huo mezani kwetu.

Wanaopinga wana hoja nzito, nami naiheshimu: kuna data ambayo haisubiri. Alama ya tope ukutani, iliyofika usawa wa ubao wa darasa, itapakwa chokaa mwezi ujao na kina cha maji hakitapimika tena. Kweli kabisa. Ndiyo maana kanuni inahusu kuhoji waathirika tu. Kupima ukuta, kupiga picha nyufa, kukusanya picha za setilaiti na kuwahoji maofisa wa uokoaji kuhusu kazi yao, hayo yote yanaruhusiwa tangu siku ya kwanza. Wengi wanaolalamika hawajafika kwenye aya ya tatu ya kanuni.

Nimekumbushwa pia kituo cha utafiti wa maafa kilichoanzishwa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, mwaka 1963, ambacho watafiti wake waliwahi haraka Alaska baada ya tetemeko la Machi 1964. Nakikubali kituo hicho kwa moyo wote. Kimetufundisha kwamba taharuki na uporaji baada ya maafa ni nadra kuliko watu wanavyodhani. Lakini hasa walichunguza taasisi: zimamoto, polisi, serikali za miji, na namna zilivyopanga kazi. Kazi ya namna hiyo kanuni yetu haiigusi.

Tena tazameni fani hii ilivyoanza. Mlipuko wa meli ya silaha katika bandari ya Halifax, Kanada, wa Desemba 6, 1917 uliua karibu watu 2,000. Samuel Henry Prince, kasisi katika mji huohuo, alishiriki kuwahudumia watu kwanza. Tasnifu yake ya uzamivu, aliyoifanyia Chuo Kikuu cha Columbia, ilichapishwa mwaka 1920, na hadi leo tunaihesabu kuwa miongoni mwa kazi za mwanzo kabisa za fani yetu. Kusubiri hakukumpunguzia kitu.

Nitaongeza mfano mmoja kwa sababu ndio unaonisukuma. Profesa Toshitaka Katada wa Chuo Kikuu cha Gunma alifanya kazi na shule za Kamaishi, Japani, miaka kadhaa kabla ya tsunami ya Machi 11, 2011. Aliwafundisha watoto mambo matatu: wasiyategemee makadirio ya ramani, wafanye kila wawezalo, na wawe wa kwanza kukimbia. Mji ulipoteza zaidi ya watu 1,000, lakini karibu wanafunzi 3,000 wa shule za msingi na za kati walinusurika. Utafiti ule ulikuwa umerudi kwa watu kabla maji hayajaja. Sisi tuna makabati yaliyojaa madodoso ambayo wahojiwa hawajawahi kuambiwa yalionyesha nini.

Tangu kanuni ianze, maombi 6 yamepokelewa. 4 yamepata barua na 2 yanasubiri. Hakuna utafiti uliokufa.

Kuhusu mahudhurio, nasema kwa uchungu. Kikao cha kujadili kanuni hii kiliahirishwa mara mbili kwa kukosa akidi. Wanaoandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba hawakushirikishwa walipata mwaliko wa kikao wiki mbili kabla, wakawa na siku mbili za kujadili, na viti vyao vikabaki vitupu. Semina ya tatu ilikuwa na wasikilizaji 9, akiwemo mtoa mada.

Ada ni mbaya zaidi. Chini ya nusu ya wanachama wamelipa. Wapo wanaodaiwa ada ya miaka mitatu lakini wamepewa barua za utambulisho na wametumia hifadhi ya data. Ukumbi wa semina mbili niliulipia kutoka mfukoni mwangu, na sijadai kurudishiwa. Mhazini atasoma majina ya wanaodaiwa kwa utaratibu wa katiba, tusichukuliane vibaya.

Mwakani tunatarajia, hali ikiruhusu, kuanza kurudisha matokeo kwenye jamii zilizohojiwa, kushirikiana na vyuo vingine na kulirejesha jarida kwenye matoleo mawili. Yote yanategemea ada.

Hoja ya kufuta kanuni ya siku 90 ipo kwenye ajenda ya 7. Watakaopiga kura ni waliolipa ada hadi leo asubuhi, na mhazini yuko mlangoni na kitabu cha stakabadhi. Mimi nitaitetea kanuni hiyo nikiwa nimesimama hapahapa.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti