Barua ya wazi kwa mdogo wangu anayetaka RTX 4060 kwa sababu ni mpya

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Swali lako nimelipata: kati ya kadi mbili za picha za kompyuta (GPU) za kampuni ya NVIDIA, uchukue RTX 3060 yenye kumbukumbu ya gigabaiti 12 au RTX 4060 ya gigabaiti 8? Nakujibu hapa hadharani kwa kuwa si wewe peke yako unayeuliza, na kwa kuwa jibu linalozagaa kila kona, "chukua mpya", kwako wewe halifai.

Mchana unajenga majumba kwenye Blender, programu ya kuchora vitu vya 3D, yenye bustani na majani mpaka feni zinalia. Usiku unacheza gemu kwenye skrini ya 1080p. Ungekuwa mtu wa gemu tu, ningekuambia chukua 4060 na barua ingeishia hapa.

Namba ndizo zilizokuchanganya, basi tuanze nazo. 3060 ilitoka Februari 2021 ikiwa na viini vya CUDA 3,584, yaani vichakataji vidogo vinavyofanya hesabu ndani ya kadi. 4060 ikaja Juni 2023 na viini 3,072, nawe ukauliza inakuwaje kadi mpya ipungukiwe. Viini vya 4060 vinakwenda mbio zaidi, hadi gigahezi 2.46, ilhali vya 3060 vinaishia kwenye 1.78 hivi. Ukizidisha viini kwa mwendo wake, kisha kwa mbili kwa kuwa kila kiini hufanya hesabu mbili kwa mpigo, 4060 inapata teraflopi 15 (trilioni 15 za hesabu kwa sekunde) na mwenzake karibu 13. NVIDIA wenyewe waliitangaza kuwa na kasi zaidi kwa asilimia 20 kwa wastani, kabla ya kuwasha fremu za kutungwa, yaani picha za ziada ambazo kadi inazibuni yenyewe. Yaani gemu iliyokuwa ikikupa fremu 60 kwa sekunde itakupa kama 72. Nzuri, lakini si ya kukunyima usingizi.

Kwenye umeme sina ubishi: 3060 inakula wati 170, 4060 inakula 115. Kadi ni baridi zaidi na feni zinatulia. Ila zote mbili zinahitaji waya wake wa umeme kutoka pawa saplai, na GTX 1650, kadi uliyo nayo sasa, nadhani inanyonya umeme wote kupitia ubao mama. Fungua kasha uangalie kama waya wa pini 8 upo kabla hujalipa chochote.

Sasa kumbukumbu, ambako ndiko penye kesi yenyewe.

3060 ina gigabaiti 12 kwenye njia ya biti 192 (upana wa mlango wa data kati ya kadi na kumbukumbu yake), na inapitisha gigabaiti 360 kwa sekunde. 4060 ina gigabaiti 8, njia ya biti 128, inapitisha 272. NVIDIA waliziba pengo hilo kwa kuongeza kache ya L2, kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya chipu, kutoka megabaiti 3 hadi 24. Ni kama fundi aliyepewa mkanda mpana wa zana kiunoni: safari za kwenda stoo zinapungua, hata kama mlango wa stoo ni mwembamba. Kwenye gemu za 1080p ujanja huo unafanya kazi vizuri sana. Lakini kache haiongezi ukubwa wa stoo. Mzigo wa gigabaiti 10 hauingii kwenye 8, upende usipende.

Na ukizidi kinatokea nini? Kwenye gemu, unageuka ghafla barabarani, ukuta ulio mbele yako unatokea kama umepakwa uji, kisha baada ya kitambo matofali yanajichora. Au picha inaganda kidogo kila unapoingia eneo jipya, wakati kaunta ya fremu inaonyesha wastani mzuri tu. Wastani huficha mengi. Kwenye Blender hali ni mbaya zaidi: ama unapata ujumbe kwamba kumbukumbu ya kadi imekwisha na renda (kazi ya kutoa picha ya mwisho) inakufa palepale, ama sehemu ya kazi inahamishiwa kwenye RAM, kumbukumbu kuu ya kompyuta, na kila kitu kinaanza kukokota miguu.

Hapo ndipo ubao mama wako wa zamani unapoingia. PCIe ndiyo njia inayounganisha kadi na ubao mama: 4060 inatumia leni 8 tu, 3060 inatumia 16. Kwenye PCIe 4.0 hutahisi kitu. Wako ni PCIe 3.0, kwa hiyo njia ya 4060 kwenda kwenye RAM inabaki kama gigabaiti 8 kwa sekunde, nusu ya ile ya 3060. Kadi yenye kumbukumbu ndogo ndiyo hiyohiyo yenye mlango mwembamba wa kukimbilia msaada. Wauzaji hawakuambii hili.

Utaniuliza kuhusu DLSS 3, teknolojia ya NVIDIA ya kuongeza fremu kwa akili bandia. Kweli, kutunga fremu kunapatikana kwenye 4060 na si kwenye 3060, ingawa ile DLSS ya kukuza picha inafanya kazi kwenye zote mbili. Lakini fremu ya kutungwa huwekwa kati ya fremu mbili halisi, hivyo kadi lazima isubiri ya pili ndipo ikuonyeshe. Macho yanaona ulaini, kidole kinahisi uzito. Tena huduma hiyo nayo inakula kumbukumbu, ileile iliyopungua. Jambo moja ambalo 4060 inashinda bila mjadala ni kurekodi video kwa AV1, mfumo mpya wa kubana video. 3060 inaicheza tu, haiwezi kuitengeneza.

Kwa hiyo kwako wewe nasema 3060. Ila angalia vizuri, maana ipo 3060 nyingine ya gigabaiti 8 yenye njia ya biti 128, na jina ni lilelile. Hiyo usiiguse: imekosa kumbukumbu ya mwenzake na imekosa kasi ya 4060. Ukiletewa iliyotumika, washa GPU-Z, programu inayoonyesha sifa za kadi, usome mwenyewe biti 192 na megabaiti 12,288, kisha iache irende nusu saa ukisikiliza feni. Nyingi zilipita kwenye uchimbaji wa Ethereum, yaani kuzalisha sarafu ya kidijitali kwa kufanyisha kadi kazi mfululizo. NVIDIA waliiwekea breki ya kuzuia kazi hiyo, halafu wao wenyewe wakatoa draiva (programu ya kuendesha kadi) ya majaribio iliyoifungua breki!

Usinisikilize mimi tu. Fungua ile nyumba yako kubwa kuliko zote, anza kurenda, usome namba ya juu ya kumbukumbu ambayo Blender inaiandika juu ya picha. Ikigoma kwenye kadi, renda kwa prosesa, polepole, uisome hivyohivyo. Ikiwa chini ya gigabaiti 6 hata kwenye kazi zako nzito, chukua 4060 na mimi nitanyamaza. Ikikaribia 8, jibu unalo.

Kaka yako